Bi Twyla Crabtree Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Leo, Ijumaa tarehe 20 Septemba 2024, Bi Twyla Jean Crabtree anastaafu baada ya kulitumikia jimbo la Missouri kwa miaka thelathini na minne. Yote ameitumikia hapa hapa, Kituo cha Kihistoria cha Loomis Ford, na yote, kwa kadiri wageni walivyoweza kujua, ameiishi katika mwaka 1852.

Wenzake wengi watasema habari hii wameshawahi kuisoma. Ni kweli. Bi Twyla alistaafu mwaka 2019, watu wakala keki. Akastaafu tena mwaka 2021, watu wakala keki nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza kwa sababu imani ilikuwa imepungua. Mara zote mbili, Jumatatu iliyofuata alikutwa mekoni na aproni yake, anachochea moto kama mtu ambaye hajawahi kupewa saa ya ukutani iliyochongwa jina lake. Msimamizi wetu, Bwana Randall Voss, ameomba isemwe wazi kwamba leo hakuna zawadi ya saa. Bi Twyla anazo mbili na zote zimesimama.

Kwa hiyo kinachosubiriwa na kila mtu leo ni kuona kama ataondoka kweli; hotuba zinaweza kungoja. Anayesubiri kuliko wote ni mumewe, Mzee Doyle, ambaye tangu Machi ameegesha karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, nyuma ya banda la wanyama. Anataka kuzunguka hifadhi na maeneo ya kihistoria ya jimbo hili, yote, akiwa na mke wake, wakati moyo wake bado unamruhusu. Moyo huo tutaueleza mbele.

Mwandishi wa wasifu huu alianza kazi hapa Mei iliyopita, kwa hiyo mambo mengi ameyapata kwa wenzake. Kila mmoja aliapa kwamba yeye ndiye anayeyakumbuka sawasawa, na hakuna wawili waliokumbuka sawa. Yaliyoandikwa hapa ni yale ambayo Bi Twyla mwenyewe aliyasikia na hakuyakana.

Bi Twyla alizaliwa ng'ambo ya mto Little Sorrel, binti wa dereva wa lori la magogo. Aliajiriwa mwaka 1990 kukata tiketi na kufagia majani. Haukupita muda mrefu, mama aliyekuwa akiigiza kama Prudence Loomis, mjane mwenye nyumba ya wageni, akapata kazi benki, ambako kuna kiyoyozi. Bi Twyla akapewa gauni lake la sufu na kofia yake ya kitambaa, akaambiwa amshikie nafasi kwa wiki moja hivi, wakati wanatafuta mtu.

Hapa Loomis Ford hatuwasimulii wageni habari za mwaka 1852. Tunaishi ndani yake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa wakati wa chakula, ambapo wakazi wa mwaka 1852 hujificha nyuma ya ghala wakila bisi na kuangalia simu. Mbele ya mgeni, hakuna anayejua jambo lolote lililotokea baada ya mwaka huo. Hiyo ndiyo kanuni, na wengi wetu tunavuja. Mtu akituuliza matokeo ya mpira tunakohoa, halafu tunayataja.

Bi Twyla hakuvuja. Simu ya mgeni ikilia, alikuwa analeta chupa na kumsaidia kumtafuta huyo nyenje mfukoni. Mtoto mmoja alimwambia kwamba siku moja watu watakwenda mwezini. Bi Twyla akafikiri, kisha akamuuliza kama huko kuna majani ya kumtosha baghala. Mkaguzi wa usalama alikuja kutoka mji mkuu akamtaka amwonyeshe kizima moto. Bi Twyla akamtazama kwa huruma, akamuuliza kama huyo anayemtafuta ni ndugu yake, maana juzi walipita watu wengi kwenda California. Mkaguzi akaandika kwamba kituo hakina kizima moto. Kilikuwa nyuma ya pipa la unga, hatua chache kutoka alipokuwa amesimama. Bwana Voss alipoteza mwezi mzima kuandika barua za kueleza kwamba tunacho, na kwamba aliyemhoji ni mjane aliyekufa zamani.

Habari ya choo tungependa kuiruka, lakini haiwezekani, kwa sababu ndiyo iliyoleta kile kibao kikubwa cha kijani pale langoni. Kabla ya kibao, mgeni aliyemuuliza Bi Twyla choo kiko wapi alielekezwa msituni kwa adabu zote na kukabidhiwa magunzi mawili ya mahindi. Wapo waliocheka. Wapo walioandika malalamiko. Na yupo bwana mmoja kutoka Springfield aliyekwenda, akarudi, akashukuru.

Lakini kazi yake si vituko tu. Tamasha la asali ya mtama, ile inayopikwa kwa maji ya mabua yaliyokamuliwa, ambalo kila Septemba hujaza magari mpaka barabara kuu, yeye ndiye aliyelianzisha, kwa sufuria moja na baghala mmoja aliyezungusha kinu. Kama bado tunapika kwenye meko ya kweli yenye moto wa kweli, ni kwa sababu yake. Amefundisha wafanyakazi wa msimu wasiohesabika, na nusu yao mpaka leo hawawezi kuvunja yai bila kugeuka kuona kama anawatazama.

Sasa tuseme kwa nini kustaafu kulimshinda.

Mara ya kwanza ni sukari. Wenyeji wanajua, lakini wageni wa sherehe wajue pia: mkate wa mahindi wa huku hautiwi sukari. Ukitia sukari umeoka keki, na uiite keki. Mama aliyerithi nafasi ya Bi Twyla mwaka 2019 alitoka Iowa, hakuwa na ubaya wowote, na alitia sukari. Jumamosi, mtu mmoja akamwambia Bi Twyla habari hiyo dukani, mbele ya friji ya maziwa. Walioshuhudia wanasema aliirudisha siagi mahali pake, akatoka bila kununua kitu. Jumatatu alikuwepo mekoni. Alisema amekuja kuchukua sufuria yake tu. Sufuria hiyo ni mali ya jimbo, na aliichukua kwa miaka miwili.

Mara ya pili ni balbu. Mwaka 2021 ofisi ya kanda ilituletea moto wa kuigiza: balbu ya rangi ya machungwa, feni ndogo, na utepe unaopepea. Ni salama, walisema, na hauna majivu. Bi Twyla aliambiwa kanisani. Jumatatu asubuhi utepe ulikutwa umesukwa kwenye manyoya ya shingo ya Seneta, baghala wetu, ambaye alionekana kupendezwa nao. Feni haijaonekana mpaka leo. Bi Twyla alisema atakaa hadi watoto wa shule wapite. Watoto wa shule wamekuwa wakipita tangu hapo.

Na hapo ndipo Mzee Doyle anapoingia, ingawa yeye atasema alikuwepo muda wote.

Mzee Doyle Crabtree alikuwa mhunzi wetu. Jina lake la kazi ni Ezra. Waliokuja kutembelea tu huwa hawajui kwamba yeye na Bi Twyla ni mke na mume, kwa sababu katika mwaka 1852 mama Prudence hampendi Ezra hata kidogo. Kila siku saa tano Ezra huvuka uwanja akiwa na ua, anamchumbia mama Prudence, naye anamkataa mbele ya wageni wote, tena kwa maneno mapya. Alimkataa kwa ajili ya ndevu zake, kwa ajili ya harufu ya mkaa, kwa ajili ya mama yake. Tunaamini Mzee Doyle ndiye mwanamume aliyekataliwa na mke wake mara nyingi kuliko wote katika jimbo la Missouri. Jioni walipanda pikapu moja kurudi nyumbani, na Mzee Doyle anasema mpaka kufika darajani Bi Twyla alikuwa bado hajamsamehe.

Kila Jumamosi kulikuwa na nyoka. Nyoka huyo ni wa mpira, hutundikwa kwenye msumari mlangoni mwa karakana. Saa nane mchana Ezra humtupa kwenye nyasi bila watu kuona, anapiga kelele, anashika mguu wa kushoto na kuanguka. Mama Prudence huja na tapentaini, kitunguu na mafuta ya nguruwe, na Ezra huomba wiski ambayo kwa kweli ni chai. Kwenye karatasi ya maigizo Ezra anakata roho kidogo halafu anapona. Kwa Mzee Doyle kule kukata roho kulirefuka mwaka hadi mwaka. Alianza kutoa wosia. Akaanza kuona malaika. Mwishoni alikuwa anahitaji karibu nusu saa kufa, na watu walikuja kutoka Saint Louis kumtazama.

Juni mwaka jana, Jumamosi, Mzee Doyle alianguka kabla ya wakati.

Wageni wakajaa karakana. Bwana mmoja aliwasogeza watoto wake mbele ili waone vizuri. Wengine walishaanza kupiga makofi. Bi Twyla alitoka jikoni na unga mikononi, amekasirika kwa sababu mkate ulikuwa motoni, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

“We Ezra, amka bwana,” alisema. “Hata nyoka bado hajala cha mchana.”

Watu wakacheka. Kisha Bi Twyla akaona kwamba mumewe hakuushika mguu wa kushoto. Akageukia mlangoni. Nyoka alikuwa bado kwenye msumari.

Jolene Pruitt, ambaye siku hiyo alikuwa anasokota nyuzi barazani, anasema hajawahi kumwona mtu akivua kofia kwa namna ile. Bi Twyla alipiga magoti, akamwita kwa jina ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulisikia likitamkwa humo ndani.

“Doyle,” alisema. “Doyle.” Halafu akawageukia watu. “Jamani, huyu si Ezra. Huyu ni mume wangu. Anaitwa Doyle Crabtree, ana miaka sitini na sita na moyo wake ni mbovu. Naomba mtu apige simu.”

Wakapiga makofi.

Hatuwalaumu sana. Mama mmoja alikuwa analia huku akimwambia mwenzake kwamba kipaji cha huyu muigizaji kinapotea bure huku shambani. Kwa miaka thelathini na mitatu Bi Twyla alikuwa amefanya kazi moja, kuwafanya watu waamini mwaka 1852, na aliifanya vizuri kiasi kwamba sasa alipotaka kuwatoa humo walikataa kutoka. Aliwaambia tarehe ya siku ile. Wakacheka. Aliwaambia hospitali iko maili ngapi. Bwana yule wa watoto akasema, kwa sauti ya kusaidia, kwamba si afadhali waende na baghala.

Ndipo Bi Twyla aliponyoosha mkono wenye unga akamnyang'anya bwana huyo simu aliyokuwa anarekodia, akabonyeza namba ya dharura, 911, kwa kidole gumba, akaiweka sikioni. Jolene anasema kilichowanyamazisha ni kile. Walimwona mama Prudence Loomis amesimama na gauni la sufu anaongea kwenye simu, anataja namba ya barabara kuu, na nyuso zao zikabadilika kama watu walioona maiti ameketi. Mtu akatoka mbio kwenda langoni kuielekeza gari ya wagonjwa. Bwana mwingine akasukuma watu, akasema yeye ni daktari, akaanza kukandamiza kifua cha Mzee Doyle, na hakuacha mpaka gari ilipofika. Baadaye ilijulikana kwamba ni daktari wa ng'ombe. Mzee Doyle anajivunia jambo hilo. Anasema ameshikwa na mikono iliyozoea mafahali, na ndiyo maana akaamka.

Hospitalini alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichouliza ni kama watu walipiga makofi. Bi Twyla akamwambia walipiga. Mzee Doyle akaridhika, akalala tena.

Madaktari walimruhusu kila kitu isipokuwa nyundo. Akastaafu, mara moja tu, kwa keki moja tu. Machi mwaka huu akanunua karavani iliyokwisha kutumika, akaileta hapa nyuma ya banda, na kuanza kulala humo mchana kwa mazoezi. Seneta alikula pazia moja kupitia dirishani. Mzee Doyle akalichukulia kama baraka.

Kisha akachukua kile kijitabu. Sote tunakijua: kila hifadhi na kila eneo la kihistoria la jimbo lina muhuri wake, na mgeni anakwenda akigongewa ukurasa kwa ukurasa. Yako maeneo zaidi ya tisini. Bi Twyla na Mzee Doyle wamewagongea watu wengine muhuri kwenye dirisha la tiketi kwa maisha yao yote ya kazi. Wamesikiliza mamia ya wazee wenye kofia za jua wakieleza walikotoka na wanakokwenda. Wao wenyewe kijitabu chao kilikuwa na muhuri mmoja, wa Loomis Ford. Siku ambazo jimbo zima linatembea ndizo siku ambazo sisi tunafanya kazi. Bi Twyla, mzaliwa wa Missouri, hajawahi kuiona Miamba ya Tembo, ambayo ni mwendo wa saa mbili kwa pikapu. Mzee Doyle anataka kuona nyati wenye manyoya kwenye mbuga za magharibi. Anataka kuona magofu ya kasri kule Ha Ha Tonka, kwa sababu anaamini aliyepaita hivyo alikuwa anacheka, na angependa kujua kilichomchekesha.

Aprili walijaribu. Mzee Doyle alipakia chakula cha wiki nzima. Walianza na jumba moja la kihistoria kaskazini mwa mto, ambalo hatutalitaja kwa sababu wao pia wana wafanyakazi. Binti aliyewatembeza aliwaonyesha kitanda, akasema kwamba jambazi mmoja maarufu wa treni alilala hapo. Kila nyumba ya zamani katika jimbo hili ina kitanda alicholala jambazi huyo. Kama alilala kote huko, hakupata muda wa kuiba treni. Mzee Doyle alimshika mkewe kiwiko, tayari kwa lolote, lakini Bi Twyla alinyamaza jumba zima, ghorofa zote mbili na ghala la kukaushia nyama kwa moshi. Mzee Doyle anasema hajawahi kuogopa ukimya kiasi kile.

Walipotoka nje, Bi Twyla alimpigia Jolene kuuliza kama moto bado unawaka. Jolene akasema unawaka. Akauliza wameweka kuni za aina gani. Kufika saa kumi jioni karavani ilikuwa imesharudi nyuma ya banda, na chakula cha wiki nzima kikaliwa na sisi nyuma ya ghala. Kijitabu kikawa na mihuri miwili. Mzee Doyle hakulalamika. Alikaa kwenye ngazi ya karavani akimpa Seneta karoti, na tulipompita alituambia kwamba ile mbaazi ya kopo ni nzuri, tusiione hivi.

Baada ya hapo Bi Twyla alisema wataondoka baada ya watoto wa shule. Kisha baada ya sikukuu ya Nne ya Julai. Kisha baada ya kumfundisha Jolene biskuti, kwa sababu Jolene ndiye mama Prudence mpya na mkono wake bado ulikuwa mzito. Kisha baada ya tamasha la asali ya mtama, maana sufuria ile kubwa ikiachwa dakika moja inaungua. Julai Mzee Doyle alirudishwa hospitalini, akakaa kidogo, akatoka akitembea polepole zaidi. Karavani ikabaki pale pale. Nyasi zikaota kuzunguka magurudumu.

Agosti tulikuwa na kikao cha kupanga tamasha. Tulikula kambare wa kukaanga, Bwana Voss akagawa majukumu, na alipofika kwenye sufuria kubwa akasema, bila hata kuinua kichwa, Twyla kama kawaida. Bi Twyla akasema hapana.

Akatueleza kilichotokea Jumapili baada ya kanisa. Walikuwa wamekaa kwenye karavani, madirisha wazi, yeye akimtajia Mzee Doyle mambo yote yaliyobaki kabla hawajaondoka: mtama, paa la karakana, biskuti za Jolene, mapambo ya Krismasi. Mzee Doyle alimwacha amalize. Kisha akamwambia, taratibu, kama anayeuliza chumvi:

“Twyla, mwaka 1852 hauendi popote. Mimi ndiye sina uhakika.”

Bi Twyla alitusimulia hayo huku akifuta uma wake kwa kitambaa, uma ambao ulikuwa umeshakuwa safi. Bwana Voss alifungua mdomo kuhusu tamasha, Jolene akampiga teke chini ya meza. Lakini Bwana Voss ni msimamizi, na msimamizi lazima aulize, kwa hiyo akauliza. Anaondoka lini?

Bi Twyla akasema Ijumaa tarehe 20.

Tamasha ni kesho yake, Jumamosi. Watu watakuja elfu kadhaa. Bwana Voss akamwomba, kwa upole kabisa, asubiri siku moja tu.

“Randall, mwanangu,” Bi Twyla alimwambia, “nikisubiri siku moja nitasubiri Krismasi. Na mimi na wewe tunajua hivyo.”

Kwa hiyo ni leo. Jolene ameipika asali ya majaribio mara nne, ya kwanza tuliitumia kuziba paa la karakana, ya nne ililika. Mkate wake wa mahindi hauna hata chembe ya sukari. Aliapa mbele ya mashahidi. Bi Twyla aliuonja wiki iliyopita, akatafuna kwa muda mrefu, akasema unaliwa. Jolene alikwenda nyuma ya ghala akalia kwa furaha. Aliyemzoea Bi Twyla anajua kwamba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Utaratibu wa sherehe umebadilika kidogo. Tutakutana uwanjani saa nane mchana, tutakula keki tukiwa tumesimama, na injini ya pikapu itakuwa inaunguruma, kwa sababu Mzee Doyle anataka kufika Miamba ya Tembo kabla hawajafunga lango. Hotuba ya Bwana Voss imekatwa kutoka kurasa sita hadi moja, na kwa hilo pia tunamshukuru Bi Twyla. Tafadhali, yeyote asimwombe aonyeshe jambo moja la mwisho. Akiuliza habari ya sufuria kubwa, jibu ni kwamba kila kitu kiko sawa. Akiuliza kuni, ni za mwaloni, na zimekauka. Yeyote asimtajie kwamba jana jioni mpini wa kinu ulipasuka. Tutautengeneza sisi. Lazima tuanze mahali fulani.

Bi Twyla, umetufundisha kuwasha moto kwenye kuni mbichi, kukanda unga bila kupima, na kumkatalia mtu ombi lake kiasi kwamba anaondoka akicheka. Wengi wetu tulikuja hapa tukiwa hatuwezi hata kumsalimia mgeni kwa sauti. Ulitupa kofia ya kitambaa na jina la mtu mwingine, ukatusukuma mlangoni, na tukagundua kwamba tunaweza kuongea. Ahsante kwa hilo. Mzee Doyle, ahsante kwa kufa vizuri kila Jumamosi, na zaidi kwa kukataa kufa ile Jumamosi moja. Tunawaombea barabara nzuri, magurudumu yenye upepo, nyati walio upande wa pili wa uzio, na waongozaji wenye huruma. Mkafike mnakotaka, mkae mnavyotaka, na kijitabu kijae mpaka kikose ukurasa.

Limebaki ombi moja, ambalo Bi Twyla mwenyewe alilitoa mwisho wa kile kikao, alipokwisha kusimama na kuchukua mkoba wake. Alitaka wasifu huu uchapwe nakala nyingi kuliko kawaida, zipelekwe kanisani, dukani na kwenye kituo cha mafuta.

“Msiandike kwamba nitaondoka,” alisema. “Hiyo mmeshaiandika mara mbili. Andikeni kwamba nimekwenda, kila mtu asome, nikose pa kupita Jumatatu.”

Kwa waumini wote, kwa wenye duka, kwa vijana wa kituo cha mafuta, na kwa yeyote atakayemwona mama mmoja akiendesha kuelekea Loomis Ford Jumatatu asubuhi: Bi Twyla Crabtree amekwenda. Yuko na mume wake.